Chaneli ya Huzuni

"Usinisubiri mlangoni kama mgambo," Nakunda alisema. "Mimi si mtoto."

"Ungekuwa mtoto ningekuchapa," nilimjibu kutoka juu ya ngazi. "Jana uliondoka kabla sijawarudisha. Na juzi. Na kila onyesho tangu tumzike mwanao Elinaja. Tangu lini wachezaji wanatokea mlango wa jenereta?"

"Tangu nilipogundua kwamba mtandao wako haufiki kule."

Alilisema hivyo hivyo, mikono kiunoni, katikati ya jukwaa, kama mtu anayekutajia duka lenye sukari ya bei nafuu. Nikateremka. Magoti yangu hayapendi ngazi siku hizi, lakini kugombana na mwanao huku umekumbatia taa nzito kuliko mtoto ni ujinga.

"Nigeuzie shingo."

"Ya nini?"

"Nigeuzie, Nakunda."

Akageuka. Nikamfunulia nywele nyuma ya sikio la kushoto, nikaiona dengu yake, kile kifaa kidogo chini ya ngozi: nukta ya buluu, imetulia. Wachezaji wote wanayo. Ikiwaka buluu, maana yake imeshika amri. Kwa mtu aliye huru haiwaki.

"Kwa hiyo hujapandishwa, umekaa chini muda wote huu."

"Ndiyo."

"Makaburini ulilia. Nilikushika mwenyewe. Kisha ukarudi kazini kabla hatujaanua matanga, na siku ya kuanua, watu wanalia mpaka wanashikiliwa, wewe unazunguka kuuliza kama chai inatosha."

"Na haikutosha. Ilibidi mtu aulize."

"Mama mkwe wako anapita mtaa wote wa Ngamiani akisema ulimlilia mwanao siku moja, kwa ajili ya macho ya watu."

"Acha aseme. Hainiumi." Akageuka kunitazama. Uso wake ulikuwa mzuri, umepumzika, uso wa mtu aliyelala vizuri. "Unaelewa, Mama? Hainiumi. Niliamka asubuhi baada ya onyesho la kwanza, nikaangalia godoro lake pale ukutani, nikalikunja, nikalipeleka stoo. Basi. Wewe unataka nirudi kule kufanya nini? Nikalifunue?"

Nikahamia kwa mtoto aliyebaki.

"Namsifu alipoungua mkono kwa uji, ulimaliza kwanza kupiga pasi."

"Nilimpeleka hospitali."

"Baada ya kupiga pasi."

"Zilikuwa nguo mbili tu, Mama."

Nikaokota spana yangu nikaenda kwenye meza ya taa, kwa sababu kama ningebaki pale ningempiga kweli, na kumpiga mtu asiyesikia uchungu ni kujichosha.

*

Meza ya taa iko nyuma ya ukumbi, juu ya kijukwaa cha mbao. Nilianza kazi hii wakati kila taa ilikuwa na waya wake mnene kutoka kwenye meza hadi darini, na fundi alirudi nyumbani na mabega yamevimba. Sasa kebo moja nyembamba ya kompyuta inatoka mezani, inaingia kwenye swichi ya mtandao, na kutoka hapo amri zinakwenda kila mahali ndani ya jengo, nyingine kwa waya, nyingine hewani. Kila taa ina anwani. Chaneli mia tano na kumi na mbili zikijaa, kundi hilo huitwa ulimwengu mmoja, na unaanza ulimwengu mwingine. Ukumbi wa Magoroto una ulimwengu tisa. Wa nane ni taa za korido na vyoo. Wa tisa ni watu.

Wazo lilianza vizuri, kama mawazo mengi ya hovyo. Mchezaji mmoja alizirai jukwaani kwa hofu. Watu wa teknolojia wakaja na dengu, wakasema: kama taa inaweza kupunguzwa, kwa nini hofu isipunguzwe? Kila mchezaji akapewa chaneli nne: hofu, uchovu, maumivu, huzuni. Kabla ya onyesho nazishusha. Onyesho likiisha, kabla milango haijafunguliwa, nazipandisha polepole kwa muda wa wimbo mmoja mrefu, na wachezaji hukaa chini kwenye sakafu wakisubiri miili yao irudi. Huko ndiko tunakoita kuwarudisha. Ni sheria. Mchezaji huanza kusikia kisigino kilichoteguka, njaa, ugomvi aliouacha nyumbani. Wengine hutukana. Nimezoea.

Kasoro ni mbili, na zote zilitoka kwenye taa.

Ya kwanza: taa ikikosa amri, hushika ya mwisho iliyosikia. Kwa taa, hilo ni busara, maana kebo ikichomoka ukumbi hauingii giza. Kwa binadamu ni hivi: ukitoka nje ya mtandao ukiwa chini, unabaki chini. Unakula chini, unalala chini, unazaa ukiwa chini ukitaka.

Ya pili: meza hutuma amri mara arobaini kwa sekunde, na hakuna anayejibu. Taa haisemi nimesikia. Haisemi inatosha. Wewe unatuma tu.

Nilifungua ulimwengu wa tisa kwenye kioo, nikatafuta jina la mwanangu. Hofu, uchovu na maumivu zilikuwa juu, mahali pake. Huzuni ilikuwa sifuri, na pembeni ya sifuri palikuwa na alama ambayo sikuiweka mimi: kufuli dogo jekundu.

*

"Shikamoo, Mama Nakunda."

"Marahaba. Umefunga nini kwenye meza yangu?"

Shekiango ndiye mwenye kundi. Ni kijana wa Lushoto, mpole, anayevaa mashati yaliyopigwa pasi vizuri mno. Alipanda kijukwaani na kishikwambi chake kwapani, akavuta kiti, akakaa kama mgeni aliyekaribishwa.

"Nilitaka nikuambie kwa utaratibu," alisema. "Kesho tunaondoka. Arusha, Nairobi, Kampala, Kigali, na huko mbele wakituhitaji. Mwaka mzima, inshallah. Nakunda hatarudishwa kila onyesho. Atakaa vilevile. Nitamwangalia mimi mwenyewe kutoka hapa." Akagonga kishikwambi kwa ukucha.

"Sheria inasema nini?"

"Sheria inasema asibaki chini bila ridhaa yake. Ameridhia. Amesaini."

"Amesaini lini?"

"Wiki iliyopita."

"Akiwa juu au chini?"

Shekiango alicheka kidogo, akajifuta mdomo. "Mama, hilo ni swali la mahakamani."

"Ni swali la kawaida kabisa. Mlevi akikuuzia nyumba utaingia?"

"Yeye si mlevi. Hajawahi kuwa na akili timamu kama sasa. Haji amechelewa, hagombani na wenzake. Na ile ngoma ya mama aliyefiwa, jamani! Wewe si unaiona kutoka hapa kila usiku? Watu wanatoka wamelowa. Hakuna anayelia jukwaani kama yeye."

"Analia ukiweka buluu kwenye taa ya nne na kumwambia hesabu hadi sita."

"Ndiyo. Na halii vibaya. Yule aliyekuwepo kabla yake, kabla ya dengu, alikuwa akilia kweli, makamasi mpaka kidevuni, sauti inakatika. Watu hawakulipa kuona makamasi."

Nakunda alikuwa ameshasogea. Alisimama chini ya kijukwaa, ameegemeza kidevu kwenye ukingo wa mbao kama alivyofanya alipokuwa anasoma shule ya msingi, akinisubiri nimalize kazi.

"Mama, mwache. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Nimekusikia. Sasa nisikilize na mimi. Nakupandisha leo, hapa, ukumbi ukiwa mtupu, polepole. Ukishakuwa juu nakuuliza: unataka kushushwa? Ukisema ndiyo, nakushusha kwa mkono wangu, unakwenda Kigali, sifungui mdomo tena."

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Unaogopa utasema nini?"

"Siogopi. Naona tu ni hesabu mbaya." Alisema kwa upole, kama mwalimu. "Mtu akiwa kwenye moto utamuuliza nini? Atasema chochote kinachomtoa kwenye moto. Au atasema chochote ili aendelee kuungua kwa sababu anaona anastahili. Unakumbuka nilivyokuwa zile siku za kwanza? Nilikuwa nasema nilimlaza vibaya. Nilikuwa nasema ningemfunika blanketi la pili kichomi kisingempata. Huyo ndiye unayetaka akaamue mambo yangu?"

"Huyo ndiye mwanangu."

"Na mimi ni nani?"

Shekiango aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia kioo. Kuna maswali mtu anakuuliza na unaona kabisa ana haki. Nilisomea umeme, miaka mitatu na diploma juu, na hakuna mahali tulipofundishwa ukiwa na mabinti wawili katika mwili mmoja ni yupi wa kumtii. Huyu aliyekuwa mbele yangu alikuwa anafikiri sawasawa. Hakuwa na homa wala kichaa. Alikuwa mtu mzima mwenye miaka ishirini na saba aliyesema hapana kwa sauti ya kawaida.

Ningeweza kumwacha. Nataka hilo lieleweke. Kwa dakika kadhaa nilikuwa nimeshamwacha. Nilishaanza kupanga moyoni: Namsifu atahamia kwangu, nitampeleka chekechea ile ya kanisani, Nakunda atapiga simu Jumapili na kuuliza kama mtoto anakula, na mtoto atakuwa anakula.

"Namsifu utamwacha kwangu?" nikauliza.

"Ndiyo. Nilishapanga."

"Mwaka mzima."

"Wewe unamlea vizuri kuliko mimi." Hakulalamika. Alitaja tu.

"Hutamkumbuka?"

Alifikiri. Alijitahidi kabisa kunijibu kwa ukweli, nilimwona.

"Nitajua kwamba hayupo," alisema.

*

Namsifu alikuwa amelala nyuma, juu ya mapazia ya zamani yaliyokunjwa. Aliamka wakati huo, akaja akitembea katikati ya viti, kanga imemfungukia, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Ana miaka mitatu. Ni mtoto wa kelele. Alipokuwa na mwaka mmoja jirani alitushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mbele ya kijukwaa nilikuwa nimelaza kebo na sijaifunika na mkeka wa mpira. Akajikwaa. Alianguka kifudifudi, na alichotanguliza ni mkono ule ule wa bandeji. Nilisikia kishindo chake kwenye sakafu.

Nakunda alikuwa karibu naye zaidi kuliko sisi wote. Hatua mbili. Aligeuka, akatazama, akaona hakuna damu, akarudisha uso kwangu akisubiri tuendelee na mazungumzo.

Nami nilikuwa nasubiri mtoto apige yowe. Shekiango naye alikuwa amekunja uso tayari, vile mtu anavyofanya kabla ya kelele.

Halikuja.

Namsifu aliinuka taratibu. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Akauweka mkono wake kifuani, akaukumbatia kwa ule mwingine, akamwangalia mama yake. Akamwangalia kidogo tu, jinsi mtu anavyotupia jicho duka analojua limefungwa. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha safu ya mbele, peke yake, akaanza kuupuliza mkono wake mwenyewe.

"Umeona?" Nakunda alisema. "Hana shida."

Waliotengeneza dengu waliandika huzuni kwenye chaneli ya nne kwa sababu walihitaji kuandika neno. Lakini mwili haujagawanywa kama meza ya taa. Kile kinachomlilia mfu ndicho kinachoruka mtoto aliye hai anapoanguka. Ukishusha kimoja umeshusha kingine, na kuna mtu wa miaka mitatu alikuwa ameshalijua hilo kabla yetu. Alishajifunza kwamba kulia hakuleti mtu. Akaacha.

Nakunda alikuwa na haki juu ya huzuni yake. Mpaka leo nasema alikuwa nayo. Lakini sikuona ni nani aliyempa haki ya kumfundisha mtoto yule kunyamaza.

"Nakunda," nikasema. "Nakupandisha."

Alinielewa palepale. Hakupoteza muda kubishana. Watu walio chini hawapotezi muda. Aligeuka akaanza kukimbia kuelekea jukwaani, kuelekea mlango wa jenereta.

"Mama, usithubutu," Shekiango alisema, na kidole chake kikawa kwenye kishikwambi. "Nimeifunga. Mimi nina kipaumbele."

Ni kweli alikuwa nacho. Kila meza inayotuma kwenye mtandao hujitangaza na namba ya ukubwa wake, na taa humsikiliza mwenye namba kubwa, hata akisema upuuzi. Yeye alikuwa amejiandikia mia moja na hamsini. Alidhani inatosha, kwa sababu hakuna aliyemwambia namba zinaishia wapi. Niliandika mia mbili. Juu ya hapo hakuna kitu. Kufuli jekundu likatoweka kwenye kioo.

Tunaporudisha watu, tunapandisha pole pole. Ukimpandisha mtu kwa mkupuo anaweza kuanguka. Nilijua. Lakini Nakunda ni mchezaji, ana miguu, na alikuwa ameshapita pazia la kwanza. Nikaweka kidole kwenye kitelezi cha huzuni, kile cha kusukuma juu na chini, na nikakisukuma mpaka mwisho.

Alikuwa kwenye pazia la pili. Alisimama kama mtu aliyeitwa. Kisha akaanguka.

Sauti aliyotoa sikuwahi kuisikia, hata makaburini. Makaburini kulikuwa na watu, kwaya, mchungaji, mikono ya kumshika. Hapa kulikuwa na mbao za jukwaa tu, na alizipiga kwa viganja vyake, akimwita Elinaja kwa jina lake lote na jina la ukoo, kana kwamba kuna mwingine anayeweza kuitika kwa makosa.

"Unamuua!" Shekiango alisimama. "Sogea, Mama. Sogea nimshushe."

"Hafi. Inamuuma."

"Nasema sogea!"

Aliunyoosha mkono kwenye meza. Niliupiga kwa spana, kwenye kifundo, si kidogo. Akaurudisha akiuma meno. Hakuondoka. Alibaki amesimama ubavuni kwangu, anapumua, akisubiri nitoke pale.

Na kila kitu ndani yangu kilitaka kutoka pale. Ulikuwa mwendo wa hatua chache tu kwenda jukwaani. Nilimzaa, nilijua namna ya kumshika, kichwa chake kinakaa wapi kwenye bega langu. Lakini ningeondoa mkono, Shekiango angeishusha huzuni, na Nakunda angeondoka na basi kesho.

Nikabaki.

Namsifu alikuwa ameshuka kwenye kiti. Alipanda ngazi za jukwaa moja moja, akaenda mpaka karibu, akasimama mbali kidogo na mama yake, kwa sababu hakumfahamu. Nakunda aliinua uso. Aliiona bandeji. Alikuwa ameifunga yeye mwenyewe asubuhi ile, na sasa aliitazama kama kitu kilichoangushwa na gari.

"Mkono," alisema. "Mama yangu, mkono wake."

Alimvuta. Mtoto akajikaza kwanza kama kijiti. Halafu akafungua mdomo na kulia, kwa nguvu zote, kichwa nyuma, kama watoto wanavyolia wakijua kuna mtu anasikia.

Walilia hivyo kwa muda. Shekiango alikaa chini na kukishika kifundo chake. Nje muuza karanga alikuwa anapita akigonga kopo.

Kisha Nakunda alinitafuta kwa macho, mwendo wote wa ukumbi ule mtupu, mpaka akanipata mezani.

"Ishushe," alisema. "Mama, ishushe. Nakuomba. Siwezi. Namuona. Mama, namuona pale kwenye godoro."

Nikamtazama Shekiango; bado alikuwa palepale.

"Mama!"

Mkono wangu ulikuwa juu ya kitelezi. Kukishusha ni kazi ya kidole kimoja, mtoto anaweza.

"Sitakusamehe," alisema. Hakupiga kelele. Alikuwa amemkumbatia Namsifu kwa mikono yote miwili na alilisema hilo juu ya kichwa cha mtoto, kwa sauti iliyojaa, na niliamini kila neno.

"Sawa," nikasema, na nikaacha kitelezi pale kilipo.